Mtambo wa Mwisho wa Mkwaranga

Hapo zamani, njaa ikiwa haijaondoka vizuri mjini Mkwaranga, alipita tajiri mmoja akitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kufuma nguo. Miji jirani ilimpa ardhi bure, ikamsamehe na kodi. Akashukuru, akapita.

"Ardhi ipo kila mahali," alisema. "Mimi natafuta mikono inayojua kufuma. Nitarudi baada ya mavuno, na nitakapoikuta, hapo nitajenga."

Chifu Mshigheni akatoa amri: kila nyumba itoe mtu mmoja akajifunze kufuma, wanaobaki walime.

Mfumaji alikuwa mmoja tu, Mzee Kalutu. Ufundi ule ulikuwa wa ukoo wake, na ndio uliomlisha. Chifu alipomwomba aufundishe mji mzima, mzee alilia, kisha akakubali. Akafundisha yote, hakuficha hata fundo moja.

Sasa, walikuwapo wanawake wawili majirani, kila mmoja akiishi peke yake: Namsifu, mjane kijana, na Mbonea, mama wa makamo asiye na mtoto. Wakamwendea chifu.

"Baba, tukienda kujifunza, nani atalima?"

"Basi unganeni," chifu akasema. "Muwe nyumba moja."

Namsifu akaenda kufuma. Mbonea akalima mashamba mawili. Udongo mgumu, akalima. Akampikia Namsifu, akalima tena. Kufikia mavuno, mgongo wake ulikuwa umekwisha, jembe haliinuki.

Tajiri akarudi. Akashika nguo hii, akashika ile. Aliposhika ya Namsifu akaigeuza, akasema, "Najenga hapa."

Kiwanda kikasimama. Kila nyumba iliyotoa mwanafunzi ikapewa mtambo mmoja wa kufumia, na ujira wake ulimtosha mtu mmoja asife njaa, wawili usingewatosha. Ukabaki mtambo mmoja, na watu watatu mbele yake.

Namsifu akasema, "Mwanafunzi wa nyumba yetu ni mimi. Na nguo iliyoleta kiwanda ni yangu."

Mbonea akasema, "Mwanangu, ulifuma ukiwa umeshiba, na aliyekushibisha ni mimi. Wewe bado una mgongo wa kulima. Hapa mtu hufanya kazi ameketi. Nifundishe, nikae."

"Mama, na mvua isiponyesha tena, mimi nile nini?" Namsifu akaanza kulia. "Lakini nikikunyima, nitakutazamaje?"

Mzee Kalutu akasema, "Nyumba yangu haikutoa mwanafunzi kwa sababu ilitoa mwalimu. Zamani aliyetaka nguo alikuja kwangu. Sasa haji mtu. Nimewapa riziki yangu, nanyi mnanipa nini?"

Chifu akashika kichwa. Amri ilikuwa yake, na mji ulikuwa umeshiba kwa amri hiyo, isipokuwa hawa watatu.

Nanyi msiniambie wagawane, nimeshasema ujira hautoshi wawili. Mmoja atakaa mtamboni, wawili watarudi nyumbani na njaa yao. Je, nani alistahili kukaa?