Kifuniko cha Sange

Nianze nisianze?
— Anza, tumekaa.
Nikidanganya?
— Danganya vizuri.
Aliyeshiba?
— Akae nyuma.
Mwenye njaa?
— Asogee mbele.

Haya. Mbona mmesogea wote? Na ubwabwa wa mchana niliupakua kwa mkono wangu mwenyewe, Mwatime akala sahani mbili. Basi tuseme ni njaa ya hadithi.

Alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, hata akilala pua haitulii. Na alikuwepo Ngiri, mwenye meno nje na tumbo mbele. Sange alikuwa mdogo, Ngiri alikuwa mkubwa. Sange alikuwa na pua, Ngiri alikuwa na tumbo. Mwenye pua ananusa, mwenye tumbo anakula, ndivyo ilivyokuwa siku zile, na sijui kama imebadilika.

Sasa, mke wa Sange alikwenda kujifungua kwao, ng'ambo ya mlima. Akajifungua salama, mtoto wa kiume. Habari zikaja: siku ya saba mtoto anatolewa nje, anapewa jina. Baba akiwepo, baba ndiye anayetaja jina. Baba asipokuwepo, anataja babu mzaa mama. Na huyo babu alikuwa ameshawapa majina wajukuu watatu. Wa kwanza alimwita Shida. Wa pili alimwita Mashaka. Wa tatu alimwita Msiba. Sange akahesabu, akaona wa nne hawezi kuwa Furaha. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na mlima ni wa siku tatu.

Mlima wenyewe ni wa baridi, hauvukwi na tumbo tupu. Lazima upike njiani, na sufuria ya safari ilikuwa kubwa, Sange angeweza kuogea humo na jamaa zake wote. Akamwendea Ngiri.

"Bwana Ngiri, nisindikize. Mwanangu anatolewa nje."

Ngiri hakuuliza mtoto hajambo. Aliuliza, "Kutakuwa na pilau?"

"Itakuwepo."

"Twende."

Lakini safari za mlimani zina sheria zake. Anayebeba sufuria ndiye anayepakua. Anayebeba kifuniko ndiye anayefunua. Asiyebeba kitu halambi kitu. Mizigo inabadilishwa mara moja tu, kileleni, na ikishabadilishwa hairudishwi. Anayevunja sheria, ukungu unamshukia na njia inampotea. Hata Ngiri aliuogopa ule ukungu, maana ukipotea hufiki kwenye pilau.

Ngiri akachukua sufuria, ndani mchele, juu mzigo wa kuni. Akamtupia Sange kifuniko. Kifuniko cha chuma, wangu, kizito, kipana, ukikiona utadhani ni mlango wa tanuri. Ngiri alikuwa na hesabu yake: huyu atachelewa, mimi nitakula peke yangu.

Wakapanda. Ngiri mbele, hema, hema, hema. Sange nyuma anaburura chuma, kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri akageuka. "Unakuja?" "Nakuja." Kwaru, kwaru. "Unakuja?" "Nakuja." Kwaru. Mara ya tatu Ngiri hakugeuka tena.

Jioni Ngiri akafika kituoni, mwisho wa msitu, akainjika sufuria bila kifuniko. Upepo ukaja, vuuu, ukauchukua mvuke wote. Kuni zikaungua nusu ya mzigo, wali bado una kiini. Ngiri akautafuna hivyo hivyo, kau, kau, kau. Sange alipofika na kile chuma chake, akakuta ukoko.

"Na mimi je? Nimebeba kifuniko."

"Kisichofunikwa hakifunuliwi," akasema Ngiri, akalala.

Sange akakwangua ukoko, machozi yanamtoka kwenye ncha ya pua. Alijua kabisa: kesho akila ukoko tena, keshokutwa hafiki, na mtoto ataitwa Balaa.

Asubuhi akamwuliza mwenzake, "Bwana Ngiri, kifuniko ni nini?"

"Kifuniko ni kile kinachofunika. Na wewe una maswali ya kitoto."

"Sheria imesema kiwe cha chuma?"

Ngiri akafikiri, na kufikiri kulikuwa kunamuuma. "Haikusema."

Sange akakisukuma kile chuma chini ya jiwe. Watakichukua wakirudi, au hawatakichukua. Akatafuta kilicho chepesi. Akachukua jani la mgomba mwitu, akaliweka juu ya sufuria. Vuuu, jani likaenda zake. Akachukua gome la mti. Akalinusa, chungu hilo, litauharibu wali. Akakaa chini, akachukua majani mawili mabichi, akayachana, akayapitisha hili juu hili chini, akakunja ukingo wake kwenye ufito mchanga uliopindwa duara. Akasuka kama bibi zetu wanavyosuka kawa, lile la kufunikia sahani nzi wasiingie. Hilo kawa likakaa juu ya sufuria sawasawa. Na upepo je? Akaweka jiwe juu. Jiwe halibebwi, mawe yako kila mahali mlimani.

Akalichukua kawa, akalitia kwapani. Uzito wake sikwambii. Nzi akitua, ndiyo limezidi.

Siku hiyo Sange ndiye aliyekwenda mbele, tipi, tipi, tipi. Ngiri nyuma, hema, hema. "Unakuja, bwana?" akauliza Sange. Ngiri pumzi yake alikuwa anaihitaji kwa kazi nyingine.

Kituo cha pili kilikuwa karibu na kilele, hakuna mti, kuni ni zile zilizobaki. Ngiri akainjika. Sange akafunika, akaweka jiwe, akakaa pembeni. Upepo ukavuma, vuuu, haukupata pa kuingilia. Maji yakachemka, gububu, gububu.

"Umeiva?" akauliza Ngiri.

Sange akainua pua, akanusa. Ulikuwa umeiva. "Bado," akasema. "Kachote maji ya kunywa."

Ngiri akaenda. Sange akanyanyua ukingo wa kawa, akaingiza pua na mdomo, nyamu, nyamu, nyamu. Akafunika.

"Umeiva?"

"Bado. Kaangalie njia ya kesho."

Ngiri akaenda. Nyamu, nyamu, nyamu.

"Umeiva?"

"Bado kidogo. Kanawe."

Mwatime, usinitazame hivyo. Nani aliyekuwa jikoni kwangu juzi, anafunua sufuria ya kisamvu kila nikigeuka? Haya, tuendelee.

Mwishowe Sange akafunua. Ngiri akachungulia, akaona wali uko chini kabisa. "Mbona umepungua? Wali si huongezeka?"

"Huko chini unaongezeka," akasema Sange. "Huku juu unashuka. Wenye akili wote huku juu wanashuka, sisi wawili ndio tunaopanda."

Ngiri akaona ni kweli. Akapakua, akampa Sange kijiko kimoja, mwenyewe akala kilichobaki. Akalala na njaa bila kujua kwa nini.

Lakini mjinga naye hulala akaamka na jambo. Asubuhi, kileleni, Ngiri akaitua sufuria. Puu. "Wewe hubebi kitu, unafunua wewe, unaamua wewe kuiva na kutokuiva. Leo tunabadilishana. Lete hilo jani, chukua sufuria."

Hapo Sange aliogopa kweli. Haikuwa hofu ya kujifanya. Aliitazama sufuria, ilikuwa imemzidi mara kumi. Kuiburura ni siku mbili, na mtoto anatolewa leo alasiri. Akamsihi, "Bwana Ngiri, mwanangu." Ngiri akasema, "Sheria." Akalitia kawa kwapani, akaondoka zake kwa maringo, mkia juu.

Sange akabaki na sufuria. Akaizunguka mara moja. Akaizunguka mara mbili. Akatazama alikotoka, mawe matupu. Akatazama anakokwenda, teremko, nyasi tupu mpaka chini. Pua ikaanza kucheza.

Akailaza sufuria ubavu, akafunga mchele vizuri kwenye kitambaa, akaingia ndani nao, akapiga teke. Galagala, galagala, galagala. Akampita Ngiri njiani. Ngiri akaruka pembeni, akadhani mlima unahama. Galagala, kong'o, galagala, mpaka chini kwenye kijito. Sufuria ikabonyea mahali pawili, Sange akabonyea mahali patatu. Akatoka, akatapika kidogo, akaokota kuni, akainjika.

Ngiri akafika anahema. "Nimekuja. Mimi ndiye mfunuaji."

"Karibu, Bwana Mfunuaji. Funika."

Ngiri akafunika. Sasa, kwenye upishi Ngiri alikuwa anajua kitu kimoja tu. Alikuwa amewaona wapishi kwenye shughuli, maji yakishakauka wanapalia, yaani wanaweka makaa juu ya kifuniko wali uive juu na chini. Akasema, "Unapaliwa lini?"

Sange akalitazama lile kawa la majani. "Hiyo ni kazi ya mwenye kifuniko, bwana. Mimi ni mpakuaji tu, siwezi kukusemea."

Ngiri akakusanya makaa. Makaa mekundu, makubwa. Akayamwaga juu ya kawa la majani, akarudi nyuma aone Sange atamsifu vipi. Chwiii. Moshi ukatoka. Jani likajikunja, ufito ukakatika, pwaa, makaa yote yakaingia kwenye wali.

"Kifuniko kimekwenda wapi?" akauliza Ngiri.

"Umekipalia."

"Nitafunua nini?"

"Kisichofunikwa hakifunuliwi," akasema Sange. Akachukua mwiko, akachimba pembeni, akautoa wali wa chini, mweupe, haujaguswa. Akajipakulia. Akala pole pole, akashiba. Ule wa juu, wenye majivu na vipande vya mkaa, akamsogezea mwenzake. "Huo ndio uliopaliwa."

Ngiri akapiga magoti. "Bwana Sange, kijiko kimoja kisicho na mkaa." Sange akamwonea huruma, akampa. Kimoja. Na hadi leo Ngiri akila hupiga magoti. Wasomi watawaambia ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Waacheni na usomi wao.

Sange akafika alasiri, tumbo limejaa, manyoya yananuka moshi. Mtoto alikuwa ameshatolewa nje, babu amempakata, ameshakohoa, ameshafungua kinywa. "Mjukuu wangu huyu ataitwa Ba..."

"Kawa," akasema Sange kutoka langoni.

Watu wakageuka. Babu akakunja uso. "Kawa? Ndilo jina hilo?"

"Ni jina la kitu chepesi, baba. Wenzake umewabebesha chuma. Mimi mlima ule nimeuvuka, sitaki mwanangu auvuke na mzigo ambao si wake."

Mke wake alikuwa ameketi mkekani, akaupokea mkono wa mumewe, akaushika. Babu akatazama wale wajukuu wengine watatu, Shida, Mashaka na Msiba, wamejipanga pale wanasubiri pilau. Akamkabidhi Sange mtoto.

Mafunzo yake ni haya, na myashike. Ukienda safari, beba kifuniko cha chuma, tena kizito, wala usinung'unike. Mkubwa akikupa mzigo, pokea. Na mtu akikwambia wali bado, mwamini.

"Lakini Sange hakufanya hata moja," amesema Mwatime.

Sange ni hadithi, mwanangu. Mafunzo ni ya kwenu nyie.

Nimesema?
— Umesema.
Ikiwa tamu?
— Tutameza.
Ikiwa chungu?
— Tutatema.
Basi katemeeni kwenu, baraza yangu nimeifagia sasa hivi.