Neno Lililoshonwa Hirizini

Kaeni, mlio mbele na mlio nyuma, na mwenye ndama wa kukimbilia aende sasa, kwa maana habari hii haikatwi katikati. Ni habari ya enzi za mababu wa mababu zetu, wakati nyumba zote za nchi hii kavu zilikuwa tembe zenye mapaa ya udongo, na kijiji chetu kilikuwa bado kule bondeni, ukingoni mwa korongo la mchanga, kikiitwa Chamhela. Ni habari ya Ndahani mwana wa Chibago, Chibago mwana wa Mlewa, Mlewa aliyekuja kutoka machweo ya jua na ng'ombe tisa na jiwe la kusagia. Ndahani mbeba mizigo miwili, Ndahani Bega Halitui.

Jina hilo la Bega Halitui alipewa na wapagazi wa njia kuu ya misafara, kwa sababu wenzake walipotua kupumzika yeye alisimama na mzigo wake begani, akawangoja, akicheka. Inasemwa kwamba ng'ombe wa mjane alitumbukia kisimani, na Ndahani akashuka akapanda naye shingoni, ng'ombe akimlamba sikio njia nzima. Mkikataa kataeni, lakini mimi nilisimuliwa na mtu asiyejua kusema uongo. Naye alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko sifa zote alizoimbiwa: "Mbebaji haulizi mzigo." Apewe chumvi, apewe shaba, apewe maiti ya kurudishwa kwao, hakuuliza kilichomo, alibeba, akafikisha. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, na ndilo lililokuja kumliza.

Alikuwa na mke, Matika, na mtoto mmoja, Mbeleje, msichana wa miaka sita, aliyekuwa akipenda kuning'inia kwenye mkono wa baba yake kama kibuyu ukutani.

Basi ukaingia mwaka wa kiangazi kile ambacho wazee wetu hawakukitaja bila kushusha sauti. Korongo likakauka, watu wakachimba mchangani wakapata maji kidogo, wakanywa hayo wao na mifugo yao. Wakati huo Ndahani alikuwa safarini, kwenye misheni iliyoko milimani, mwendo wa siku nne. Mwalimu wa misheni hiyo, Petro Sogodi, alimwita akiwa kitandani anatetemeka kwa homa, akampa karatasi iliyokunjwa. Akasema, "Mpe Lazaro, yule mtu wenu aliyesoma hapa kwetu, aisome mbele ya watu wote siku hiyo hiyo. Ndani yake kuna..."

Ndahani akainua mkono. "Usiniambie, Mwalimu. Mbebaji haulizi mzigo. Langu mimi ni bega."

Petro alikuwa mgonjwa, na kichwa kilikuwa kinamzunguka, akanyamaza. Laiti asingenyamaza.

Njia ya siku nne Ndahani aliikata kwa siku mbili, hakula, hakulala, karatasi ikiwa imefungwa kifuani kwake. Alipofika Chamhela akaambiwa kwamba Lazaro hayupo. Alikuwa amewapeleka ng'ombe wa kijiji magharibi kutafuta malisho, na hatarudi kabla ya mwezi kuandama. Katika kijiji chote hapakuwa na mtu mwingine ajuaye kusoma, hata mmoja.

Wazee wakakutana. Mkubwa wao alikuwa Chilewa, mzee wa mvua, na msimdharau, kwa kuwa hakuwa mtu mwovu wala mjinga. Aliwapenda watoto wa kijiji kama macho yake. Aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, akatamka: "Hii imetoka kwa watu wa Mungu, nayo imeletwa na bega lisilotua. Kitu kilichokimbizwa namna hii hakikosi kuwa na nguvu. Kisikae bure kikimngoja mtu mmoja. Kigawanywe, kila mtoto apate ulinzi wake."

Karatasi ikakatwa vipande arubaini na kimoja, hesabu ya watoto wa Chamhela, kila kipande kikashonwa ndani ya ngozi ya mbuzi, kikafungwa shingoni mwa mtoto. Aliyepewa kisu cha kukatia ni Ndahani, kwa heshima ya safari yake. Na kipande cha juu kabisa, chenye maandishi makubwa kuliko mengine, akapewa Mbeleje.

Siku ya tatu maradhi ya kutapika na kuhara yakaingia kijijini. Mbeleje aliugua adhuhuri. Alasiri macho yake yalikuwa yamezama, na sauti imekwisha, akasema, "Baba, nina kiu." Ndahani akashuka korongoni mbio, akachota maji ya mchangani kwa kibuyu, akamwinua kichwa. Akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Usiogope, una hirizi." Mtoto akanywa. Akaomba tena, akampa tena. Jua lilipogusa vilima Mbeleje alikuwa amekufa mkononi mwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi ile, na nguvu zile hazikumfaa kitu.

Watoto ishirini na sita walizikwa mwezi ule. Nami sitawataja kwa majina, kwa sababu nikianza sitamaliza.

Lazaro aliporudi na ng'ombe, akaona ngozi zilizofungwa shingoni mwa watoto waliobaki, akauliza ni kitu gani. Alipoambiwa, akaketi chini palepale njiani. Kisha akaomba hirizi zote zifunguliwe, za walio hai na za waliokufa zilizohifadhiwa na mama zao, akavipanga vipande juu ya ngozi ya ng'ombe, akavisogezasogeza mpaka mistari ikakutana. Akasoma mbele ya watu wote, kama Petro alivyoagiza. Barua ilisema kwamba msafara mmoja ulipiga kambi juu ya korongo, na watu wake walikufa kwa maradhi ya tumbo, na maji ya mchangani yameharibika. Watu wahamie kwenye miinuko, na maji yoyote watakayopata wayachemshe kwanza.

"Juu hapa pana pengo," Lazaro akasema. "Neno la kwanza halipo."

Watu wote wakamgeukia Ndahani. Kipande kilichokuwa shingoni mwa Mbeleje kilikuwa ndani ya kiganja chake, bado kimeshonwa.

"Hiki sitasomewa," akasema. "Niliukataa mzigo huu ulipokuwa mdomoni mwa mwalimu. Nitaufungua mwenyewe siku nitakapoweza."

Ndipo Chilewa, aliyezika wajukuu wawili, akasimama na kutoa hukumu: "Kuanzia leo karatasi isivuke korongo hili, wala kitabu, wala mtu wa kitabu. Karatasi imetumaliza."

Wengi waliitikia, na nani angewalaumu? Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Ndahani akasema, na maneno yake ndiyo yaliyokuja kukijenga kijiji hiki mnachokikalia: "Karatasi haikuua mtu. Karatasi ilitutetea kwa sauti kubwa, sisi ndio tuliokuwa viziwi. Watoto wetu wamekufa wamevaa shingoni neno la kuwaponya. Nani kati yenu atakubali wengine wafe hivyo tena? Mimi sitakubali, hata nikibaki peke yangu." Wakamwacha aende, maana kufiwa kwake kulikuwa sawa na kwao, na mkono uliokata karatasi ulikuwa wake.

Akarudi misheni kuomba mwalimu. Mchungaji akamwambia kwamba anaye mmoja tu wa kumpa, naye ni Petro. Homa ya mwaka ule ilikuwa imemwachia uhai ikamnyima miguu, hawezi kutembea. Na hata hivyo hatamtuma penye maji ya mauti. Pawepo kwanza kisima safi na nyumba ya kufundishia. Petro mwenyewe alilia, akasema, "Nipelekeni. Nilinyamaza wakati wa kusema."

Ndahani akapanda kwenye mwinuko huu tunaoukalia, wakati huo ukiwa miamba na miiba mitupu, akaanza kuchimba. Alichimba miezi minane. Mwamba ulivunja majembe matatu, akaendelea kwa mtaimbo. Mtaimbo ukapinda, akaunyoosha kwa mawe, akaendelea. Matika alimletea ugali wa uwele na mlenda mchana, akala akiwa ndani ya shimo. Waliopita walisema huzuni imempanda kichwani, wengine wakaleta wageni kumtazama. Mwezi wa sita akatokea Chilewa, mzee wa mvua, akiwa na kikapu. Alifunga kamba kwenye kikapu, akakishusha shimoni, akavuta mchanga, akaenda kuumwaga. Siku ya pili walikuja vijana kumsaidia mzee, maana ni aibu kumwacha mzee avute kamba. Na kwenye pima ya kumi na mbili mwamba ukatoa maji, baridi na meupe, yaliyotoka chini ambako hakuna msafara uliowahi kulala. Hapo hapo tembe ya kufundishia ikajengwa, na Chamhela yote ikahamia juu.

Kisha Ndahani akaenda kumchukua mwalimu. Alimbeba Petro Sogodi mgongoni siku nne, akapita naye miiba na mbuga, hakumtua ila kwa haja na kwa sala. Njiani Petro alimsomea Habari Njema, kitabu kikiwa juu ya kichwa cha Ndahani kama juu ya meza. Alipomsomea habari ya baba aliyemtoa mwanawe wa pekee, Ndahani akasimama kwa muda mrefu, mwalimu akiwa mgongoni.

"Naye alimzika?" akauliza.

"Alimzika, na siku ya tatu akamfufua."

Ndahani akaendelea kutembea. Baada ya hapo alimwomba mwalimu airudie sehemu ile kila asubuhi.

Shule ikaanza. Watoto kumi na watano waliobaki waliingia, na baadaye wadogo zao. Msichana mmoja aliyepona maradhi yale, binti wa kaka yake Lazaro, alijifunza akapelekwa misheni, akarudi mkunga, na mama zetu wakaacha kufa kwenye uzazi ovyo. Barua zilizofika zilisomwa siku hiyo hiyo. Jumapili watu waliimba kwa zeze na marimba, na wale waliokuwa wamekaa na misiba yao kila mmoja ndani ya tembe yake wakaanza kulia pamoja, na kulia pamoja ni nusu ya kupona.

Naye Ndahani aliketi darasani kati ya watoto, magoti yakimfika masikioni, akivunja kalamu za mawe kwa vidole vile vilivyozoea mtaimbo. Alibatizwa kwa jina lake lile lile. Lakini herufi zilimgomea. Watoto walimpita, na wadogo wa watoto wakampita. Petro alikuwa amekwisha kulijua neno la hirizini, kwa kuwa mkono wake ndio ulioliandika, akamwambia siku moja, "Ndahani, nikufundishe silabi zile tatu tu, ufungue, upumzike."

Akakataa. "Nilikimbia mara moja, Mwalimu, nikafika upesi, isifae kitu. Safari hii nitatembea."

Na mara mbili kila mwaka, mchungaji alipokuja na Meza ya Bwana, Ndahani alikula mkate, na kikombe kilipomfikia, mchungaji akisema, "Nyweni," aliinamisha kichwa akakiacha kipite. Mkewe peke yake ndiye aliyejua sababu. Matika alikuwa mlangoni alasiri ile, alimwona akimnywesha mtoto.

Mwaka wa saba, mwishoni mwa kiangazi, Petro alifika mwisho wa silabi, zile ngumu ambazo ulimi hujikwaa, nywa na nywe. Ndahani alizisoma, akaziandika, akazifuta, akaziandika tena. Jumapili iliyofuata ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Kabla kikombe hakijapita alisimama, mtu mwenye mvi sasa, akachana nyuzi za ngozi kwa meno, akafungua kipande kilichokuwa rangi ya chai, akakiweka karibu na macho. Kanisa lote lilisikia akisoma kama wasomavyo watoto:

"M. Si. Nywe."

Akasoma tena kwa pamoja, "Msinywe." Kisha akasema polepole, "Lilikuwa shingoni mwake, nami nikamwambia kunywa." Matika akaja akasimama kando yake, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo wake wa wakati ule hawakulifanya. Hakuna aliyekuwa na macho makavu, hata Chilewa, ambaye alikuwa hajabatizwa na alikuja tu kusikiliza.

Mchungaji hakujua afanye nini. Mwisho akafanya kazi yake, akakileta kikombe, akasema, "Nyweni."

Ndahani akainua kichwa ghafla, akakitazama kile kipande, akamtazama Petro. "Mwalimu, ni nywe ile ile."

"Ni ile ile, ndugu yangu."

Ndipo akapokea kikombe kwa mikono yake miwili mikubwa, akanywa, huku machozi yakimwagikia humo.

Alasiri ile ile alishuka bondeni na Lazaro. Kisima cha zamani cha mchangani kilikuwa bado wazi, na wachunga ng'ombe wa mbali wasiojua habari yake walikuwa wakinywa pale. Ndahani akaanza kukizika kwa mawe ambayo watu wanne wasingeyasogeza, huku anga ni jeupe, hakuna wingu. Lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha, na mnajua makorongo ya nchi hii, hushuka bila kupiga hodi. Lazaro alisikia mngurumo, akapanda ukingoni, akamwita. Ndahani alikuwa na jiwe la mwisho begani. Angelitupa angepona. Alitembea nalo mpaka kwenye mdomo wa kisima, akaliweka, likakaa, akanyoosha mgongo.

"Lazaro," akasema, "waambie nimetua."

Maji yakamchukua. Tulitafuta siku tisa, namaanisha wazee wetu, hatukuona hata uzi wa nguo yake.

Kijiji kikabadili jina mwaka ule, kwa tamko la Chilewa mwenyewe, kikaitwa Msinywe. Wageni hucheka, kijiji chenye maji matamu kuliko yote kuitwa hivyo, waacheni wacheke. Mtoto wetu anapoanza shule haanzi na ba wala be. Huandikiwa kwanza neno hilo, akaambiwa siku atakapolisoma aje asimuliwe kwa nini. Na mgeni akifika, hata akiwa mmoja, akiwa mtoto mdogo, tunamchotea maji ya kisima cha Ndahani, tunampa kwa mikono miwili, tunamwambia, "Nyweni." Wasomi wa mjini hutusahihisha, wanasema mtu mmoja haambiwi nyweni. Tunajua. Hatumpi yeye peke yake, tunampa pamoja na Mbeleje.