Kapu la Mtama la Mama Chembe

Paukwa.

Pakawa.

Mbona sauti chache? Mtu akiita asiitikiwe, moyo humwingia baridi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mpo.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na njia moja pana ya kwenda mtoni. Nyati waliipita mbio asubuhi, wakaipita mbio jioni, vumbi juu. Mbio za nini? Hata wao hawakujua.

Kando ya njia aliishi ndege Kanga na wanawe, Chembe, Doa na Unyoya. Chembe ndiye kifungua mimba, kwa hiyo kila mtu alimwita mama yao Mama Chembe. Jua likizama, aliwaita mmoja mmoja waje kulala.

Siku moja Chembe alifuata panzi njiani. Nyati wakapita. Vumbi lilipotulia, Chembe alikuwa amelala chini, hapumui.

Mama Chembe akaenda kwa Mfalme Simba.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba, Mama Chembe."

Aliposikia jina lile, alilia.

"Mwanangu amekanyagwa, Mfalme. Tuzuilie Nyati."

"Pole sana, mama. Lakini ajali haina kinga."

Akampa kapu la mtama, rambirambi. Mama Chembe akarudi nalo nyumbani, hakula hata punje.

Mwezi haukuisha, Nyati wakamkanyaga mtoto wa Sungura. Mama Chembe akamsindikiza mwenzake kwa Mfalme.

"Poleni sana," akasema Mfalme. "Ajali haina kinga."

Sungura akapewa kapu la majani mabichi. Wakarudi nyumbani.

Jioni ile Sungura alimsikia jirani yake akiita, "Chembe! Chembe!"

"Shoga yangu, unamwita nani?"

"Namwita mwanangu. Najua haji. Mdomo ndio haujui."

Mara ya tatu akakanyagwa mtoto wa Digidigi. Mama Chembe akajitwika lile kapu la mtama, akaenda kulitua miguuni pa Mfalme.

"Mtama wako huu, Mfalme. Mimi nilikuja kuomba njia."

Mfalme hajajibu, mara mkewe akaingia na mtoto mdomoni. Akamweka chini taratibu.

"Mmetoka wapi, bibi?" akauliza Mama Chembe.

"Mtoni."

"Mtoto ana miguu yake, mbona umembeba?"

"Kwenye njia ile? Si Nyati wangemkanyaga!"

Mama Chembe akamgeukia Mfalme.

"Kumbe kinga mnayo. Sisi ndio tunaopewa mtama."

Mfalme aliona haya, akainamisha kichwa. Siku hiyo hakutoa pole. Aliwaita Mchwa, akawaambia, "Jengeni matuta pale wadogo wanapovukia. Magogo yangu yote makavu ni chakula chenu mpaka kazi iishe."

Kisha akawaita Nyati. "Mkifika kwenye matuta, mtakwenda mwendo wa Kobe."

"Tutachelewa, Mfalme," wakanung'unika.

"Mto hauhami."

Akaenda kusimama njiani yeye mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka Nyati wakazoea. Mvua zikaja, zikaenda. Sungura akazaa tena, na wanawe wakavuka kwa miguu yao. Hakukanyagwa mtoto mwingine.

Na Mama Chembe? Jua likizama, bado aliita.

"Doa!"

"Bee, mama."

"Unyoya!"

"Naam, mama."

"Chembe!"

Nyati waliokuwa wakipita walisimama kimya. Hawakusogea hata hatua moja mpaka alipomaliza kungoja.

Basi, wanangu, wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini mtoto si ukuta, hajengwi upya. Mwenye enzi asingoje kutoa rambirambi, na mwenye mbio akumbuke kwamba mto hauhami.

Hadithi yangu naitua hapa, anayeitaka ajitwike. Inukeni sasa. Nasikia mama zenu wanawaita. Itikeni.