Robo Tatu ya Bwana Shila

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, maana mifupa ya mitamba wa hadithi hii bado ni myeupe, ugonjwa uliingia mazizini katika kijiji kimoja cha wafugaji. Ng'ombe anaamka na povu mdomoni, adhuhuri hasimami. Dawa za mifugo zilikuwa mikononi mwa Nkamba, mama wa watoto wawili, aliyechaguliwa kwa sababu mkono wake hautetemeki na shule aliifikisha kidato cha pili.

Bwana Shila, mganga wa mifugo, akaja na pikipiki, akamkabidhi chupa ya dawa kali ya kunywesha. Kwenye chupa, kwa lugha ya kigeni, kipimo kiliandikwa hivi: kipeuo cha pili cha uzito, mara kipeuo cha nne cha uzito uleule.

"Marefu mno haya, ngoja nikurahisishie," alisema Shila. Akanong'ona peke yake: kipeuo cha pili ni kipeo cha nusu, kipeuo cha nne ni kipeo cha robo, nusu na robo, robo tatu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akaweka karatasi juu ya paja, akaandika herufi U, kisha robo tatu. Ile robo tatu ilipaswa kukaa juu, ndogo, begani mwa herufi. Yeye aliiandika kando, kubwa kama herufi yenyewe, maana kijiji cha pili walikuwa wakimpigia simu wakilia.

"U ni uzito. Jibu ni mililita. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Nkamba, akiona haya kuuliza.

Pikipiki ikaondoka. Hapo kosa lingeweza kuishia. Halikuishia.

Nkamba hakutulia. Akaenda mbio kwa Mwalimu Ntandu, anayefundisha hisabati. "Shikamoo, mwalimu. Nitazamie hii. Ni robo tatu ya uzito?"

Mwalimu akaitazama karatasi, akakunja uso. Sehemu kama hii alizoea kuiona juu. Akajaribu na mbuzi wa kilo kumi na sita. Ikiwa ni robo tatu ya uzito, mililita kumi na mbili. Ikiwa ni kipeo, kipeuo cha pili cha kumi na sita ni nne, cha nne ni mbili, nne mara mbili, nane. Nane na kumi na mbili! Akaona tofauti ni ndogo, na darasa lilikuwa likimngoja.

"Nenda kanyweshe," alisema. "Haitadhuru."

Hapo kosa lingeweza kuishia. Halikuishia.

Nkamba akaanza na mbuzi, mililita kumi na mbili kila mmoja. Wawili wakayumba, wakapiga magoti, wakainuka. Nkamba akasimama, bomba la dawa mkononi. Mzee Msengi akamshika kiwiko. Mke wake alikuwa amekufa mwaka ule. Hakubakiwa na kitu ila mitamba tisa.

"Mwanangu, wangu wanatoa povu. Unangoja nini?"

"Baba, mbuzi wameyumba."

"Wameyumba, wameinuka! Wangu wakilala hawainuki!"

Nkamba akazungusha mkanda wa kupimia uzito kifuani mwa mtamba wa kwanza. Kilo mia mbili hamsini na sita. Robo tatu yake, mia moja tisini na mbili. Akanywesha. Akamnywesha wa pili, wa tatu, hadi wa tisa, maana wote walilingana. Kwa kipeo, kila mmoja alistahili mililita sitini na nne tu. Kwa mbuzi kosa lilikuwa nusu ya kipimo. Kwa mtamba lilikuwa mara mbili ya kipimo.

Alasiri mitamba wote tisa walikuwa chini, miguu imekauka, macho wazi. Mzee Msengi akaketi katikati yao. Watu wakamletea uji, hakuunywa. Wakamletea maji, hakuyanywa. Siku ya kumi na mbili wakamzika.

Wanawe wakaitisha baraza, wakasema mmoja atahama kijiji hiki, na huyo mmoja ni yule aliyeua.

Shila akasimama. "Nilirahisisha sawasawa. Chupa ilikuwapo, na maandishi yake yalikuwapo. Mwandiko mbaya hauui. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa."

Mwalimu Ntandu akasimama, macho chini. "Sikuandika, sikunywesha. Niliulizwa mlangoni, nikajibu. Niliona njia mbili, ni kweli. Lakini karatasi ingeandikwa vizuri, ningeona njia moja."

Nkamba akasimama mwisho, mtoto mgongoni. Kila alipofumba macho aliona wale mbuzi wawili wakipiga magoti.

"Niliwaona wakiyumba," alisema. "Nilijua kuna jambo. Lakini aliyesoma kuliko mimi aliniandikia, na aliyesoma kuliko mimi aliniambia nenda. Na ningesimama, mitamba wangekufa kwa ugonjwa, na leo mngeniita muuaji kwa kusimama."

Mtoto mkubwa wa Msengi akalia. Mdogo wake akasema, "Baba mwenyewe alimhimiza." Baraza likakaa mpaka jua likazama, na mtu wa kuhama hakutajwa.

Basi nyinyi mlioketi hapa, mmewasikia wote. Aliyeandika kando badala ya juu, aliyeona njia mbili akanyamazia moja, na aliyeona mbuzi wakiyumba akaendelea. Je, nani alistahili kufunga mizigo yake?