Mwamba Ngoma Aliyepigia Magitaa Hodi

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, palikuwa na mwamba ngoma aitwaye Mshamu, fukara asiye na mali yoyote ila masikio yake mawili. Lakini masikio yenyewe yalikuwa masikio kwelikweli. Akisikia ngoma ya harusi ikilia mtaa wa pili, humwambia mkewe, "Ngozi ile ni ya mbuzi jike, tena aliyekufa kwa uzee," na watu wakienda kuuliza, hukuta ndivyo.

Sultani wa mji huo alikuwa Fumo Badi, mtu mwema, ila aliamini kila kilichoandikwa. Na Waziri wake, Shee Zubeiri, alikuwa mtu wa kuandika. Basi ikawa mji una sheria nyingi kuliko visima. Mojawapo ilisema kwamba mtu yeyote asicheke ndani ya hatua arubaini za baraza pasipo kibali, na mwenye kutaka kibali aeleze siku tatu kabla ni jambo gani litakalomchekesha. Atakayevunja sheria hiyo atakatwa sikio moja kwa kila kicheko. Tangu itungwe, hakuna aliyeomba kibali, na Waziri alihesabu kuwa hiyo ni dalili ya utulivu.

Ikawa siku moja akafika mgeni kutoka Andalusi, jina lake Rafaeli, mpiga gitaa. Akapiga mbele ya Sultani ngoma ya kwao waiitayo flamenko. Na gitaa la ngoma hiyo si la kubembelezwa. Mpigaji huzichapa nyuzi kama mvua juu ya makuti, na kucha zake hugonga ubao, na mguu hujibu chini, hata msikilizaji asijue kama anasikia gitaa moja au harusi nzima. Sultani akasahau kahawa mkononi mpaka ikapoa.

Akasema, "Ewe mgeni, niachie gitaa hilo."

Rafaeli akainama. "Maulana, hili ni kama mke wangu, na mke haachwi mezani. Lakini katika sanduku langu ninayo mengine matano. Chagua moja, nami nitakupa liwe zawadi. Ila ujue, moja tu katika hayo liliundwa kwa mkono wa mwalimu wangu. Manne yaliundwa na maseremala wa vitanda."

"Na manne hayo ukayabebea nini bahari yote hiyo?"

"Maulana, watu wengi hununua kwa macho, na mimi nami nina tumbo."

"Basi nionyeshe lililo jema."

"Hilo haliwezekani. Kwetu sisi, gitaa ni la aliyelichagua mwenyewe au aliyemtuma mtu wake amchagulie. Mimi nitafumba mdomo hata uamuzi utoke. Ukishatoka, nitasema kweli."

Basi Sultani akamkabidhi Waziri kazi hiyo, na Waziri akaikabidhi baraza, na baraza likakaa siku tisa. Hakuna hata mmoja aliyejua kupiga, na kwa kuwa hawakutaka jambo hilo lijulikane, hawakupiga. Wakapima kwa kamba. Wakahesabu vipande vya chaza vilivyonakshiwa ubaoni. Mzee mmoja akanusa. Siku ya tisa Waziri akasimama, akasoma kwa sauti:

"Baraza limeridhika kwamba gitaa hili lenye pembe na chaza ndilo bora, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote, na kitu chenye thamani huwa kizito."

Sasa Mshamu alikuwa akipita chini ya dirisha, ngoma kwapani, akienda zake sokoni. Aliposikia maneno yale akacheka. Akajaribu kujizuia, akacheka tena. Kisha akasema, "Wangejua, wangemletea Sultani kinu!" na akacheka mara ya tatu kwa ajili ya maneno yake mwenyewe.

Wakamkamata palepale. Wakapima hatua kutoka dirishani, zikawa thelathini na nane. Karani akaandika vicheko vitatu, kisha akainua kalamu na kuuliza, "Mheshimiwa, sikio la tatu tutalitoa wapi?"

Waziri akafikiri kidogo. "Litabaki deni."

Mshamu akaletwa mbele ya Sultani. Hakuogopa maumivu sana. Alichoogopa ni kesho yake. Mwamba ngoma asiye na masikio ni kama mpishi asiye na ulimi. Nani atampa ngozi?

Sultani akamtazama. "Ulicheka nini, ewe Mshamu?"

"Nilicheka uzito, Maulana. Gitaa ni nyumba ya sauti. Ukijenga ukuta mnene mno, sauti hufungwa ndani kama mahabusi."

"Nawe wajua lipi lililo jema?"

"Nikisikia, nitajua."

Waziri akaingia kati. "Maulana, mali hii imekwisha kuingia daftarini. Haiwezi kupigwa na mkono uliotoka kushika ngozi za mbuzi. Kama masikio yake ni ya ajabu kiasi hicho, na achague bila kugusa, bila kupiga, wala mtu mwingine asimpigie."

Waziri alijua jambo hilo haliwezekani, ndiyo maana alilipendekeza kwa uso mtulivu. Sultani, aliyekuwa amechoka na siku tisa, akasema, "Na iwe hivyo. Mshamu, kesho asubuhi utachagua, usiliguse gitaa, usilipige. Ukipatia, umesamehewa. Ukikosa, sheria itachukua masikio yako."

Wakampeleka gerezani, jengo refu lenye milango mingi, nalo lilikuwa tupu, maana watu wa Kitangani walikuwa wameshajifunza kununa.

Alasiri mkewe, Bi Mwatime, akamletea muhogo kikapuni. Askari wa zamu alikuwa amelala, naye hakujua mumewe yuko chumba gani. Basi akawa anapita mlango hadi mlango, akiita, "Hodi! Hodi!" Milango ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye ule wa Mshamu, naye akaitika, "Karibu, mke wangu!"

"Karibu ya wapi hii!" akasema Bi Mwatime, akisukuma kile kikapu chini ya mlango. "Mume wangu, nilikuambia kicheko chako kitatuponza. Sasa wakikukata masikio hayo, mimi nitakunong'oneza wapi? Puani?"

Mshamu alikuwa akiutazama mlango.

"Nawe Mshamu, umenuna? Leo ndiyo siku ya kununa?"

"Sijanuna," akasema taratibu. "Hebu niambie, umejuaje kuwa niko mlango huu?"

"Swali gani hilo? Nimepiga hodi kote. Penye mtu pameitika. Pasipo na mtu pamenyamaza. Wataka nitumie ramli?"

Mshamu akauma muhogo, na kwa mara ya kwanza siku ile chakula kikawa na ladha.

Asubuhi baraza likajaa. Magitaa matano yalilazwa juu ya mkeka, nyuso juu, na Rafaeli alikuwa amekwisha kuzikaza nyuzi zote zikalingana. Lile la pembe na chaza liliwekwa mbele, liking'aa kama bibi harusi. Lile la nne lilikuwa jembamba, la ubao mweupe mtupu, halina hata ua moja.

Mshamu akainama mbele ya Sultani. "Maulana, nisilipige gitaa?"

"Usilipige."

"Wala nisiliguse?"

"Wala usiliguse."

"Je, vitu vingine nipige?"

"Vitu gani?"

"Magoti, Maulana, kwa heshima yako. Na vinginevyo vipigwavyo, mtu akiwa na haja."

Sultani akatikisa mkono. "Piga utakacho, ila gitaa."

"Iandikwe," akasema Mshamu.

"Iandikwe!" akasema Waziri, ambaye hakuwahi kulisikia neno hilo asiliitikie. Na Karani akaandika.

Basi Mshamu akapiga magoti mbele ya lile la kwanza, la chaza, mikono akaifunga nyuma, akainamisha uso juu ya tundu la gitaa, akaita:

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!" Kimya tena, ila mbu mmoja.

Watu wakatazamana. Mshamu akasogea kwa magoti hadi la pili, akaita hodi. Likatoa mnong'ono mfupi kama mtu akohoaye ndani ya blanketi. La tatu likanyamaza kabisa. Akafika lile jeupe, akavuta pumzi, akaita:

"Hodi!"

Nalo likaitika. Nyuzi zote zikatetemeka bila kuguswa, na tumboni mwake ikatoka sauti nyembamba, ndefu, "...oodiiii," ikakaa hewani hata mzee yule aliyenusa akaacha kutafuna tambuu. Mshamu akaita tena polepole, likaitika polepole. Akamaliza na la tano, jirani asije akanuna, nalo likaguna tu.

Akasimama, akajipangusa magoti. "Maulana, katika nyumba hizi, nyumba ya nne ndiyo yenye mtu."

Waziri akaruka. "Amelipiga! Ameipiga mali ya Sultani mbele ya macho yetu!"

"Nimepiga hodi, Mheshimiwa."

"Hodi au si hodi, umepiga!"

"Mheshimiwa, wewe ukipiga hodi kwa mama mkweo, huwa umempiga mama mkweo?"

Karani akasoma daftari, akasema kwa masikitiko kwamba imeandikwa *piga utakacho*, na hodi haikukatazwa.

Ndipo Sultani akamwelekea mgeni. "Haya, Rafaeli, fumbua mdomo."

Rafaeli akaenda mkekani. Akaliinua lile gitaa jeupe kwa vidole viwili, kwa wepesi wake, akaketi, akalipiga. Kucha zikagonga ubao, mguu ukajibu, na sauti ikatoka kavu, kali, yenye moto, kama kuni za mkoko zikipasuka jikoni. Alipomaliza akambusu Mshamu sikio la kulia, kisha la kushoto. "Ndilo la mwalimu wangu," akasema. "Naye alikuwa akiyaimbia hivyohivyo kabla ya kuyauza."

Watu wakashangilia, lakini Waziri akainua kidole. "Maulana, amepatia, sikatai. Lakini msamaha una utaratibu wake. Sheria yasema ombi la msamaha liletwe siku saba kabla ya kosa. Huyu amecheka jana, na ombi lake sijaliona."

Mkono wa Mshamu ukapanda wenyewe kushika sikio.

Sultani akakunja uso. Akayarudia maneno yale, midomo ikicheza: "Siku saba... kabla ya kosa." Akayarudia mara ya pili. Kisha kitu kikamshika tumboni, kikapanda, akacheka. Akacheka hata kilemba kikamwangukia begani.

Alipotulia, Mshamu akauliza kwa adabu kubwa, "Maulana, kibali kiko wapi?"

Baraza zima likanyamaza kuliko lile gitaa la chaza. Karani, kwa mazoea tu, alikuwa amekwisha kuandika: kicheko kimoja, kirefu, hatua sifuri.

Sultani akayashika masikio yake. "Waziri, sheria inasemaje?"

Waziri akalichungulia daftari. Jasho likamtoka. "Sheria inasema *mtu yeyote*, Maulana. Lakini... sheria hiyo imefutwa."

"Imefutwa? Tangu lini?"

Waziri akamtazama Mshamu, aliyecheka jana; akamtazama Sultani, aliyecheka sasa hivi; kisha akaona kwamba akisema *leo*, Sultani atataka kujua ni saa ngapi.

"Tangu juzi, Maulana."

"Iandikwe," akasema Mshamu.

Ikaandikwa. Na waliokuwa chini ya dirisha, waliposikia sheria haipo, wakacheka vicheko vyote walivyokuwa wameviweka akiba, na hapakuwa na mtu wa kuvihesabu.

Sultani akamwambia Mshamu aombe atakacho. Mshamu akaomba ngozi za mbuzi wote watakaochinjwa kwa karamu ya gitaa.

"Ama kweli," akanung'unika Waziri, "mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."

"Mheshimiwa, nikiivutia kwako utaiweka wapi? Daftarini?"

Naye Waziri hakutoka mikono mitupu. Kwa kuwa daftari lilikwisha kusema kwamba lile la pembe na chaza ndilo bora, na daftari halikosei, Sultani alilinunua kwa Rafaeli, akamtunuku, akamwamuru alipigie hodi kila asubuhi, alete habari siku litakapoitika. Ikawa anapiga hodi, asubuhi baada ya asubuhi, kwa uaminifu wa mtumishi wa serikali. Siku ya mia na kumi kukasikika mkwaruzo ndani, na panya akatoa kichwa tunduni. Waziri akaenda mbio barazani, akatangaza kwamba hatimaye nyumba imepata mtu.

Nami hekaya yangu nimeifikisha mlangoni pako na hodi nimekwisha kupiga. Ukiitika, ni yako.