Chupa ya Bei Ndogo

Aliyemwambia Anasia kwanza habari ya ile chupa ni wifi yake, Manka, mke wa kaka yake mkubwa. Walikutana sokoni siku ya gulio. Manka alikuwa ameshuka na ndizi zake kutoka mlimani, na Anasia alikuwa na mtoto mgongoni na fungu la dagaa mkononi.

"Wifi, chupa yenu ipo kabatini mpaka leo," Manka alisema. "Juzi nimeifuta vumbi."

"Baba hajaifungua?"

"Aifungue nani! Watoto wakipita karibu na kabati anawafukuza. Imekuwa kama askofu mgeni mle ndani, sote tunaipitia mbali." Manka alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha, akampangia ndizi nne mbivu juu ya dagaa zake.

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo akaondoka nyumbani bila kuaga. Mtu huyo ni Mzee Ndekirwa, na binti ni Anasia. Alimfuata Kirenga, fundi wa milango na madirisha, akaenda kuishi naye kule chini kwenye joto, kabla pombe ya posa haijapelekwa kwa baba yake. Mzee hakupiga kelele wala hakulaani. Alinyamaza. Kimya chake kilikuwapo Anasia alipopata mimba, kikawapo alipojifungua, na sasa mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa, naye babu yake hajampakata hata mara moja.

Kule kwao, mtu aliyemkosea mzazi hurudi na pombe. Mzazi akiinywa, neno limekwisha. Akiiacha, neno bado lipo. Hilo halihitaji kuelezwa.

Kwa hiyo mwaka uliotangulia Kirenga alikuwa ameuza mabati aliyoyanunua kwa ajili ya paa la jiko, akaenda kwenye duka kubwa la vinywaji, akauliza swali moja tu: ipi ni ghali kuliko zote? Alipewa wiski iliyolazwa ndani ya sanduku, kwenye kitambaa chekundu, kama mtoto mchanga. Hakuipeleka yeye. Aliogopa macho ya mkwewe, na Anasia aliyaogopa zaidi. Walimpa kaka yake Kirenga aipandishe mlimani. Kaka alirudi jioni akasema mzee ameipokea kwa mikono miwili, ameshukuru, ameiweka kwenye kabati la vioo. Wakangoja aitwe mtu. Hakuitwa mtu. Masika yakaja, mvua ikanyesha jikoni juu ya mafiga, na Anasia akapika chini ya kipande cha turubai akijiambia kwamba huenda baba anainywa kidogo kidogo, na siku chupa itakapokwisha atatuma neno.

Sasa alijua kwamba haikuonjwa hata tone.

Alipomweleza mumewe, Kirenga alisimamisha randa yake, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Basi ilikuwa ndogo," alisema. "Baba yako ni mtu mzito. Nitauza baiskeli, tutafute inayoizidi ile."

"Usiuze kitu," Anasia alisema. "Acha niende mimi nikaangalie."

Hakuwa na mazoea ya kusema hivyo. Kirenga alimtazama, akarudia kupiga randa, taratibu.

Anasia hakwenda kwenye duka lile kubwa, maana aliogopa hata mlango wake. Alikwenda kwa Mama Shose, aliyeuza vinywaji kwenye chumba kimoja karibu na stendi, akasimama pembeni mpaka wateja wote walipohudumiwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza dawa.

"Wiski ya ghali ndiyo nzuri?"

Mama Shose hakumcheka. Alishusha chupa tatu, akazipanga mezani.

"Mpaka mahali fulani, ndiyo," alisema. "Hii ya chini kabisa usimpelekee mtu unayetaka aamke kesho. Ni spiriti iliyotiwa rangi, na mimi nawauzia wanaoitaka kwa sababu wasipoipata kwangu wataipata kwingine. Hii ya katikati imekaa kwenye pipa lake, ikatulia, ni kinywaji cha kweli. Kutoka hapo kwenda juu, mdogo wangu, bei inakimbia na ladha inatembea. Itakuwa laini zaidi kidogo. Lakini unalipia sanduku, unalipia jina, unalipia kuonekana umeibeba."

Kisha akauliza, "Nani atakunywa?"

"Baba yangu."

"Anapenda nini?"

Anasia alifungua mdomo, akakuta jibu lipo, tayari kabisa, kama kitu kilichokuwa kinangoja mlangoni. Baba yake hapendi pombe tamu. Mbege ya marehemu mama, ile pombe ya ndizi, aliipenda ikishachacha vizuri na kuwa kali, ile ambayo wageni waliikunjia uso. Alipenda kuinywa polepole, miguu imeoshwa, akitazama migomba, na hakupenda kuinywa peke yake. Mama alikuwa akiacha kazi zote aje akae karibu naye, hata kama hakuna la kuzungumza.

Aliyasema yote hayo, akajishangaa, maana alikuwa hajawahi kumsimulia mgeni maneno mengi namna hiyo.

"Na ile ya kwanza mliyompelekea, mliichagua kwa hayo?" Mama Shose aliuliza.

"Tuliuliza ipi ni ghali kuliko zote."

"Basi mlimfurahisha mwenye duka," alisema Mama Shose, akaifunga chupa ya katikati kwenye gazeti. "Hii ni kavu kidogo, ina ukali wake. Ataipenda."

Nyumbani Kirenga aliitazama chupa ile, nyembamba, haina sanduku, akaona haya kwa niaba ya wote wawili. Hata hivyo alisema kaka yake yuko tayari kupanda nayo Jumamosi.

Anasia alitikisa kichwa. Ile ya kwanza waliweza kuituma, kwa sababu bei yake ilikuwa inaongea. Mtu yeyote angeweza kuibeba, ingejieleza yenyewe. Hii haikuwa na la kusema. Aliona aibu kumpa mtu mwingine abebe kitu kidogo kama hicho mpaka kwa baba yake. Ikabidi aibebe mwenyewe.

Alipanda mlima na mtoto mgongoni na chupa ndani ya kanga. Kadiri baridi ya kule juu ilivyomfikia ndivyo alivyopunguza mwendo, na kwenye kona ya mwisho, pale miti ya kahawa ya baba yake inapoanza, alisimama, akamnyonyesha mtoto ambaye hakuwa na njaa. Kisha akaingia uani.

Mzee Ndekirwa alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya shingoni, na hilo ndilo lililomuuma Anasia kuliko yote, kwamba baba alikonda na yeye hakuwapo kuona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alipiga magoti, akaitoa chupa kwenye kanga, akaishika kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba ni ya bei ndogo. Alitaka kusema kwamba walikosa. Maneno yalimkwama yote pamoja, kama watu wanaotaka kutoka kwenye mlango mmoja. Mzee aliipokea chupa, akaigeuzageuza karibu na macho, akamtazama binti, akatazama njia aliyojia, kana kwamba anatafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Umeileta wewe mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, baba."

Alimwita Manka alete glasi. Manka alikuja nayo mbio, akaiweka juu ya kigoda, akajifanya ana kazi ya kufagia karibu hapo. Mzee akavunja kifuniko kwa vidole vyake vigumu, akamimina kidogo, na badala ya kunywa akamnyooshea Anasia.

"Onja."

Anasia alishtuka. Alijua desturi hiyo tangu utoto. Aliyeleta pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya anayepewa, ili ijulikane kwamba ameileta kwa moyo safi. Alimwona mama yake akifanya hivyo kwa kila kibuyu. Lakini hiyo ilikuwa mbege, iliyopikwa na mikono ya watu.

"Baba, hii imetoka dukani. Ilikuwa imefungwa."

"Pombe ni pombe," mzee alisema. "Kiwanda hakijanikosea kitu."

Manka aliguna kwa kicheko huko pembeni, akafagia kwa nguvu zaidi. Anasia akainua glasi, akalowesha midomo tu, kwa ajili ya mtoto anayenyonya. Iliwaka, kisha ikatulia, ikaacha joto. Akairudisha. Mzee akanywa taratibu, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo akitazama ndani ya nafsi yake mwenyewe. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

Anasia hakuweza kujizuia. "Ni nzuri kama ile ya kwanza?"

"Ile siijui ladha yake, mwanangu," alisema baba. "Aliyekuja nayo hakuwa wewe, naye hakunikosea kitu. Ningemwambia nani aionje?"

Hapo Anasia alielewa. Walikuwa wamelipa bei kubwa ili wasije, naye mzee alikuwa amewangoja kwa mwaka mzima, akiilinda chupa ile dhidi ya watoto, ili siku wenyewe watakapokuja waikute haijaguswa. Wao waliuona mlango umefungwa. Yeye aliuona mlango ambao watu wake hawajafika kuugonga.

Mzee aliweka glasi chini, akajifuta punje za mahindi viganjani, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo," alisema.

Mtoto alitolewa mgongoni, akakalishwa magotini kwa babu yake. Alimkazia macho muda mrefu, kisha akamshika pua kwa nguvu zake zote, na mzee akamwachia aishike. Anasia alikaa karibu nao, miguu ameikunja upande mmoja, akitazama migomba. Hapakuwa na la kuzungumza.

Bei ya kinywaji huijua mwenye duka, wala haidanganyi sana. Cha rahisi mno kinaweza kukuua, na kilicho ghali kinaweza kuwa kitamu kweli. Lakini utamu hauko ndani ya chupa iliyofungwa, na hakuna bei inayoweza kupiga magoti uani kwa mtu. Ninyi mlio na wazazi, au ndugu, au rafiki mliyeachana naye vibaya, mkatafuta kitu kizuri mkakituma: kile mlichokituma kilikwenda badala ya nani?

Kulipopambazuka, Anasia aliamka, akamfunika mtoto vizuri pembeni ya babu yake aliyekwisha kuamka. Manka alimkuta mlangoni akijifunga kanga kiunoni, akamwambia, "Wifi, pumzika, wewe ni mgeni." Sauti ya mzee ikatoka chumbani, "Mgeni gani?" Basi Anasia akachukua mundu ukutani, akashuka bondeni kwenye umande, akamkatia ng'ombe wa baba yake majani.