Beseni la Msibani kwa Nyati

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakizikana na kupikiana pilau, kipindupindu kiliingia Mbugani. Kilianza kwa wadogo. Kikamchukua Kicheche, kikamchukua mke wa Digidigi, kisha kikaingia kwa Sange, yule mama mdogo mwenye pua ndefu, kikamchukua kifungua mimba wake. Akabaki na mwanawe Tunu peke yake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Msibani, kabla ya kula, lilipitishwa beseni moja la kunawia. Ananawa Tembo, halafu Nyati, halafu Simba, hivyo hivyo kwa ukubwa. Likifika kwa wadogo, maji yamekuwa uji. Na wadogo ndio waliokufa. Wakubwa hawakuona ajabu yoyote.

Sange alikuwa ameshamwendea Tembo kwa adabu.

"Shikamoo, Babu. Naomba tuwe tunamiminiwa maji, kila mtu na yake."

Tembo akacheka hadi masikio yakapigana, pa pa pa. "Maji niliyonawa mimi ni baraka kwako, kijukuu. Nenda zako."

Basi shangazi yake Nyati akafariki kwa uzee, na Mbugani nzima ikakusanyika. Ukikosa msibani umejitenga, kwa hiyo Sange alikwenda, Tunu kamshika mkono. Akapitia jikoni kwa Kanga.

"Dada, chemsha maji ya mitungi yote, yapoe. Na majivu uniwekee."

"Wakubwa watakubali?"

"Watakubali bila kujijua."

Akamwendea Tembo, akamnong'oneza. "Babu, nasikia leo Nyati ananawa kwanza. Si msiba wake?"

"Mimi nitie mkonga kwenye maji ya kwato?"

Kisha akamwendea Nyati. "Mjomba, Tembo hataki kunawa baada ya kwato zako." Hapo hakusema uongo.

Nyati akapumua, fuuu. "Na mimi sitii kwato alimotia mkonga wake. Si ndio huo anaopigia chafya?"

"Na mimi," akasema Simba, "nani kaniweka wa tatu?"

Beseni likakaa katikati. Hakuna aliyeligusa. Pilau ikaanza kupoa.

Sange akasogea mbele. "Wazee wangu, maji yakimiminwa toka juu yakaanguka chini, hakuna wa pili. Kila mmoja ni wa kwanza."

Wakatazamana.

"Na nani atamimina?" akauliza Nyati.

"Mwenye mkono unaowafikia wote."

Tembo akaikamata kata upesi, Nyati asije akasema neno. Akachota mtungini. Chururu! Nyati akasugua kwato kwa majivu. Simba akasugua makucha, moja moja. Ikafika zamu ya wadogo.

"Mama," Tunu akauliza, "haya yote ni yangu?"

Sange akamsogeza mbele. Mkonga mnene kuliko nyumba yake ulikuwa umeinama juu ya viganja vidogo kama punje za mtama, ukimimina taratibu, taratibu, kana kwamba unaogopa kumzamisha mtoto. Hata Simba alisimama na makucha yakidondosha maji, akitazama.

Tembo akamwinamia. "Sange. Nyati alisema kweli atanawa kwanza?"

"Hakusema, Babu. Nilikuomba kwa adabu ukanicheka. Nikaona leo nikiombe kiburi chako."

Kata ikasimama hewani. Sange akamvuta Tunu nyuma yake, akabaki amemkodolea Tembo macho. Hakuomba radhi.

Tembo akautazama mstari wa wadogo. Akautazama tena.

"Mbona mfupi hivi, mstari wenyewe? Wengine wako wapi?"

"Hao ndio waliobaki, Babu."

Tembo akachota kata nyingine, akapiga magoti mbele ya Panya.

"Lete mikono, mwanangu," akasema.

Nanyi mlionisikiliza, naweni kwa maji yanayomiminwa, na mwenye mkono mrefu awamiminie wenzake.